Nilivyoingia mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio Ifakara ili nipewe mke

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia.

Juzi nimesoma uzi wa mwanachama mmoja humu ndani anayetaka kuanza triathlon. Kaorodhesha saa ya kupima mapigo ya moyo, miwani ya kuogelea, baiskeli ya mbio na viatu jozi mbili. Mwisho anauliza kasahau nini.

Sikumjibu kule kwa sababu jibu langu ni refu, nimeona nilifungulie uzi wake lenyewe. Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Shahidi wangu yuko jikoni sasa hivi anakaanga samaki, na nikiongeza chumvi hapa atanipunguzia mezani.

Twende.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kijana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Mofu, naishi Ifakara mjini. Kazi yangu kubeba mpunga kwa baiskeli. Ile baiskeli nyeusi ya Kichina, breki za vyuma, keria nyuma, gunia juu ya keria, na mimi mbele natoa jasho. Ifakara enzi hizo kila mtu ana baiskeli, kwa hiyo msidhani nilikuwa mtu wa maana.

Nilikuwa na sifa moja mbaya. Nilikuwa simalizi kitu.

Ufundi cherehani nilijifunza, nikaacha nikiwa bado kwenye kaptula, suruali sikufika. Nilikwenda Chita kulima mpunga na wenzangu, nikarudi na treni baada ya wiki tatu, jembe nikaliacha hukohuko. Nikaanza kujenga nyumba, kuta zikafika usawa wa madirisha, zikaota majani. Mbuzi wa jirani walikuwa wanazitumia kuliko mimi.

Mtaani waliniita Bwana Nusu. Nilikuwa nacheka nao.

Nikaacha kucheka nilipompenda Tekla.

Tekla alikuwa binti wa Mzee Matimbwa, Mpogoro mmoja mkulima, anaishi kijiji cha barabarani ukitoka Ifakara kwenda Kiberege. Nilipeleka mshenga kama desturi inavyotaka, mjomba wangu, mtu wa maneno matamu. Akaenda asubuhi, akarudi mchana, kofia mkononi.

Mjomba akanieleza alichoambiwa. Mzee Matimbwa alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji ya kunywa, kisha akasema: "Huyo kijana sina ugomvi naye. Mwambieni amalize kitu kimoja. Chochote. Nikishakiona kimeisha, ndiyo mrudi."

Na akaongeza kwamba kuna mwalimu mmoja naye ameshaulizia, na yeye hana haraka ila hatasubiri mavuno mawili.

Sikulala vizuri wiki nzima, wakuu. Mtu akikukataa kwa sababu huna kitu, unaweza kumlaumu. Huyu alikuwa amesema kweli tupu.

Sasa pale Ifakara alikuwepo mzungu mmoja mtaalamu wa mbegu za mpunga, sisi tulimwita Bwana Mbegu. Mtu mwembamba, ana mbio za asubuhi, watoto wanamfuata. Wiki hiyohiyo akabandika tangazo sokoni: mashindano ya mambo matatu kwa siku moja. Kuogelea kwenye bwawa lake la samaki, halafu baiskeli mpaka Kiberege na kurudi, halafu mbio kutoka uwanja wa mpira kuelekea kivukoni na kurudi uwanjani. Yamebaki miezi mitatu. Kila atakayemaliza atasomwa jina lake mbele ya watu.

Neno "atakayemaliza" lilinishika hapa kifuani.

Najua mtauliza kwa nini sikumaliza ile nyumba. Nyumba inataka bati, misumari na milango. Mashindano yalitaka nguo ya kuogelea tu, na nikajiambia ni kitu cha siku moja, hakiwezi kunishinda.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na naliona kwa vijana wengi humu. Mashindano ni siku moja kweli, lakini kuna miezi nyuma yake ambayo haina wapiga makofi.

Kosa la pili: nilifanya mazoezi ya kile ninachokiweza. Mimi mtu wa baiskeli, basi kila siku baiskeli. Tena na gunia juu. Watu wananisifia barabarani, najisikia bingwa. Kukimbia nilikimbia mara mbili, nikaona kunaumiza mbavu, nikaacha. Bwana Nusu yuleyule.

Aliyeniokoa ni Masanja.

Masanja ni Msukuma, alikuja bondeni na ng'ombe wa baba yake miaka michache kabla, akaweka boma nje ya mji. Tulijuana kwenye mpunga. Nilimwomba tuingie wote kwenye mashindano. Akakataa. Akasema maji yameumbwa kwa ajili ya ng'ombe kunywa, yeye kujitumbukiza humo hana sababu. Lakini kukimbia atanifundisha.

Siku ya kwanza nilitoka kasi ili anione. Akaniacha niende. Mbele kidogo akanikuta nimeinama nashika magoti.

"Piga mluzi," akaniambia.

Nikajaribu, ukatoka upepo mtupu.

"Ukishindwa kupiga mluzi umezidisha. Ng'ombe wenyewe hawatakusikia. Punguza mpaka mluzi utoke."

Wakuu, siku hizi nasikia makocha wanasema ukikimbia mazoezi ya polepole uweze kuongea. Mimi nilipewa somo hilo na mchungaji wa ng'ombe aliyevaa katambuga za tairi. Nikapunguza. Mwanzo ilikuwa aibu, wanawake wenye ndoo kichwani walikuwa wananipita. Baada ya mwezi mmoja nikawa nakimbia saa nzima huku napiga mluzi, na wale wanawake nimewaacha.

Siku moja nilimwambia Masanja kwamba nikifikiria siku yenyewe, mambo matatu mfululizo, napata woga, naanza kutafuta sababu ya kuacha.

Akacheka. Akasema, "Sisi tulitembea na ng'ombe kutoka kwetu mpaka hapa. Unadhani nilikuwa nawaza Ifakara? Ningerudi siku ya pili. Nilikuwa nawaza maji ya jioni. Tukifika kwenye maji, basi, siku imeisha."

Hilo andikeni kwenye madaftari yenu. Mambo ya mindset yote mnayolipia semina yako humo.

Siku ikafika.

Asubuhi shangazi yangu, Mungu amrehemu, akanipikia wali na kambale wa nazi. Akasema mtu haendi vitani na njaa. Nilikula sahani mbili kwa heshima yake. Wapendwa, msifanye hivyo. Kula chepesi, kula mapema, na shangazi mheshimu kesho yake.

Bwawani tulikuwa ishirini na mmoja. Karani, walimu, vijana wa gereji, mganga mmoja, wabeba mpunga kama mimi. Bwana Mbegu akasoma kanuni: kuzunguka nguzo mbili mara nne, na yeyote atakayepanda chombo chochote kisicho baiskeli yake, au atakayebebwa, ametoka.

Filimbi ikalia, wenzangu wakajitupa. Maji yakaruka kama mvua inatoka chini.

Mimi nimekulia Mofu, baba yangu mvuvi wa Mto Kilombero. Kule mtoto akifundishwa kuogelea, anafundishwa kwanza kutopiga maji. Mamba anasikia maji yakipigwa kama mama anavyosikia sahani ikivunjika jikoni. Unaingia taratibu, miguu inakaa chini, mikono inasukuma pembeni, pua tu ndiyo inabaki juu. Ndivyo tunavyoogelea sisi. Ukipiga kelele ndani ya maji baba anakungoja ukingoni na fimbo.

Na bwawa la Bwana Mbegu halikuwa na mamba. Lilikuwa na perege. Nilijua hivyo kwa akili, lakini mwili ulikataa kabisa. Nikaogelea kimya, taratibu, naangalia kushoto na kulia.

Kambale wa shangazi naye akaanza kuogelea upya tumboni.

Watu waliokuwa ukingoni wakadhani nazama, maana wanaona pua tu. Mtu mmoja akaruka kuniokoa. Akanishika shingo. Ikabidi nimweleze ndani ya maji kwamba niko salama, aniachie, na tafadhali apunguze kupiga miguu. Nilitoka bwawani wa kumi na tisa.

Lakini sikilizeni. Wale waliopiga maji kwa fujo walitoka wanahema, wengine wamekaa chini. Mimi nilitoka sina hata jasho, miguu haijaguswa. Watu wa kwetu hatukujua, lakini tulikuwa na mbinu. Ukiwa amateur, usishindane ndani ya maji. Toka ukiwa mzima, kazi iko mbele.

Nikachukua baiskeli yangu. Hapo nikaharibu.

Miezi mitatu nimeendesha na gunia. Siku hiyo hakuna gunia. Nilipokanyaga pedali mara ya kwanza baiskeli iliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikaona nimepewa mabawa. Vumbi la barabara ya Kiberege likaanza kunifuata mimi. Nikapita mmoja, nikapita watatu, nikapita yule mganga na sanduku lake la dawa kwenye keria. Watu wanashangilia. Mluzi nilishausahau zamani.

Kufika Kiberege nilikuwa wa sita, nacheka peke yangu.

Kurudi, nikapita kijiji cha akina Tekla; wakati wa kwenda barabarani hakukuwa na mtu, sasa wazee walishatoka kutazama.

Waliozaliwa mjini naomba mnielewe. Enzi zile bondeni kwetu, kijana hampiti mzee akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unasimama, unaamkia, unaitikiwa, ndipo unapanda tena. Wenzangu siku hiyo walikuwa wanatupa shikamoo wakiwa mwendoni. Mimi nitawezaje? Kila mzee aliyesimama pale ni baba mdogo, baba mkubwa au babu wa Tekla. Jioni wangekaa kunijadili.

Nikashuka. "Shikamoo baba." "Marahaba, hujambo?" "Sijambo." Nikapanda, hatua ishirini, mama mkubwa huyu hapa. Nikashuka. "Za nyumbani?" Nikajibu za nyumbani zote. Nilishuka mara saba. Mmoja alitaka kujua bei ya mpunga mjini.

Kila nilipopanda tena mapaja yalikuwa mazito zaidi. Mzee Matimbwa mwenyewe sikumwona, na nilishukuru.

Niliingia uwanja wa mpira nikiwa wa kumi na nane.

Nikaegesha baiskeli, nikasema sasa nikimbie. Miguu ikakataa. Wakuu, kama hujawahi kushuka kwenye baiskeli baada ya safari ndefu ukaambiwa kimbia, huwezi kujua. Magoti yalikuwa ya mtu mwingine, na huyo mtu alikuwa mlevi.

Hili ndilo kosa la tatu, na ndilo kubwa kuliko yote kwa wanaoanza. Nilikuwa nafanya baiskeli siku zake na mbio siku zake. Sikuwahi hata siku moja kushuka kwenye baiskeli nikakimbia hapohapo. Fanyeni hivyo kila wiki, hata kwa dakika kumi. Mwili unatakiwa uzijue hizo dakika kabla ya siku yenyewe.

Masanja alikuwa pembeni. Hakunipa pole. Alisema tu, "Maji ya karibu yako wapi?"

Nikamwonyesha mnara wa kanisa.

"Nenda hapo."

Nikaenda hapo. Kisha nikachagua duka la Mwarabu. Kisha kalavati la barabarani. Nikawa natembea kidogo, nakimbia kidogo. Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa.

Nyuma yetu lilikuwa linakuja trekta la Bwana Mbegu na tela lake, kazi yake kuokota waliokata tamaa. Lilinifikia nikiwa nimeshageuza kule njia ya kivukoni, narudi. Tela limejaa. Yule karani yumo, vijana wa gereji wamo, wanatafuna miwa na kuimba. Walikuwa na furaha kuliko mtu yeyote Ifakara siku hiyo.

"Bwana Nusu, panda! Nafasi yako tumekuwekea," wakaniita.

Nisiwadanganye. Mkono wangu ulishaanza kwenda kwenye lile tela. Nilimkumbuka yule mwalimu aliyemuulizia Tekla, mtu anayemaliza mtaala kila mwaka, nikaurudisha.

Trekta likapita na nyimbo zake. Nikabaki peke yangu na vumbi.

Nikiwa hivyo nikasikia kengele ya baiskeli nyuma. Nikageuka. Mzee Matimbwa.

Kavaa koti lake la kanisani, kapanda baiskeli, anaendesha polepole sambamba na mimi. Nikasimama, nikaamkia. Akaitikia.

"Nimekuja kununua chumvi," akasema.

Sikuona chumvi yoyote, wala mfuko wa kuitia.

Akaniangalia kwanza usoni, kisha miguuni. Soli ya raba yangu ya kulia ilikuwa imeachia, nimeifunga kwa kamba ya katani. Akasimamisha baiskeli, akapangusa keria kwa kiganja.

"Umechoka, mwanangu. Panda nikusogeze."

Wakuu, hapa ndipo nilipopata mtihani ambao hakuna kocha anayeufundisha. Baba mkwe, tena ambaye bado hajawa baba mkwe, anakupa msaada kwa mkono wake. Ameniita mwanangu kwa mara ya kwanza. Kwetu huwezi kumkatalia mzee wa namna ile. Ukikataa chakula chake, kiti chake au keria yake, umemdharau, na mshenga wako asihangaike tena. Na nikipanda, nimebebwa. Nimetoka.

Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Nilikuwa na hasira na yeye, na mimi, na kambale.

Mwishowe nikapiga goti vumbini, ndiyo heshima pekee niliyokuwa nimebaki nayo. Nikamwambia, "Baba, naomba radhi sana. Siku nyingine yoyote ukiniita nitapanda. Leo sipandi."

Uso wake haukubadilika. Akapanda baiskeli yake, akaondoka kuelekea mjini bila kugeuka.

Nikajua nimeshampoteza Tekla. Nawaambia kweli tupu, nilijua imeisha. Na hapo kikatokea kitu ambacho mpaka leo nakishangaa: nikaendelea kukimbia. Sikuwa na sababu tena. Mke sina, nafasi ya mwisho, watu wameshaondoka. Lakini nilishaanza, na sikutaka kuacha kitu kingine tena njiani. Nikachagua mti, nikaufikia. Nikachagua mwingine. Mluzi ukatoka wenyewe, mbaya, lakini ukatoka.

Uwanjani kamba ya kumalizia ilishafunguliwa. Bwana Mbegu alikuwa anakunja meza. Masanja aliponiona akainyakua ile kamba, akampa mzungu ncha moja, yeye akashika nyingine, wakaivuta mbele yangu. Nikaipita nikaangukia majani. Bwana Mbegu akafungua tena daftari lake akasoma jina langu lote kwa sauti, mbele ya watu kama tisa na mbuzi. Alilitamka vibaya. Sijawahi kulisikia zuri vile.

Mzee Matimbwa hakuwepo.

Siku ya nne mjomba akaitwa na Mzee Matimbwa. Akaambiwa aje na mimi. Nilikwenda nachechemea, nimevaa shati la kuazima.

Tukakaribishwa, tukakaa. Mzee akauliza, "Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho, baba."

"Walianza wangapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Waliovuka kamba?"

"Kumi na watatu, nikiwemo mimi."

"Wewe ni wa kumi na tatu," akasema. "Usiseme wa mwisho. Wa mwisho wako kwenye tela." Kisha akamgeukia mjomba wakaanza kuzungumza mambo ya mahari, nami nikaambiwa nitoke nje nikapumzishe miguu.

Tulioana baada ya mavuno. Nyumba nilimaliza, na bati.

Miaka mingi baadaye, mzee akiwa ameshakuwa rafiki yangu kweli, nilimuuliza kuhusu siku ile. Nilitaka kujua kama alikuwa ananipima, au alinionea huruma tu.

"Huruma ilikuwa ya kweli," akasema. "Ungepanda ningekubeba vizuri, nikakufikisha mpaka kwa shangazi yako. Na Tekla angebaki kwangu."

Kwa hiyo wewe mwanachama mwenye saa na baiskeli ya mbio, ulichosahau kwenye orodha ni hiki: siku ya mashindano atakayekutoa barabarani huenda asiwe adui. Atakuwa mtu anayekupenda, na keria ameshaipangusa. Fanyia mazoezi na hilo pia.

Tekla ameniita samaki tayari. Nasoma maoni yenu nikishiba, hasa nyie mliowahi kuacha kitu katikati. Semeni ni kitu gani, na kimeota majani kiasi gani.